Alipohasiwa Chachu

Daktari wa mifugo alinawa mikono mara tatu, na mara zote tatu maji ya ndoo yakabadilika rangi. Fundi alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, nusu ndani nusu nje, kama mtu aliyepita kuuliza njia. Tepu ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni, maana aliitwa ghafla kutoka kwenye cherehani yake. Mbele yake farasi kijana alisimama miguu imetanuka, kichwa kimeinama karibu kugusa majani makavu, mdomo wa chini umelegea kama wa mlevi aliyesinzia kwenye benchi. Dawa ya usingizi ilikuwa haijamwisha nguvu. Kati ya miguu yake ya nyuma damu ilidondoka, to, ikatulia, to, ikatulia.

Farasi huyo aliitwa Chachu, kwa sababu tangu azaliwe kazi yake ilikuwa kuumuka. Akimwona farasi jike barabarani, anaumuka. Akisikia pikipiki, anaumuka. Wiki mbili kabla ya siku hiyo aliumuka getini, akambana kaka yake Fundi ukutani na kumvunja mfupa wa bega. Kaka ndiye mwenye farasi na mwenye mkokoteni wa kubebea matofali na mchanga, kazi aliyoirithi kwa baba yao. Mkewe alikwisha fariki, watoto walikwisha kuoa na kuolewa, na tangu hapo Fundi alihamia chumba cha mbele cha nyumba yake pamoja na cherehani, pasi na marobota ya vitambaa. Sasa Kaka alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, mkono wa kushoto umefungwa kifuani kwa bandeji. Muda wote wa upasuaji alikuwa ameukodolea macho ukuta.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza zamani," akajibu daktari. "Geuka tu. Zako ziko salama."

Daktari alikuwa mwanamke mfupi, mabuti ya mpira yakimfika juu ya magoti, mtu wa kusema jambo mara moja. Alifunga mkoba wake, akauliza: "Haya, nani atamtunza?"

Kaka akanyoosha kidevu kuelekea mlangoni. Fundi akageuka kuangalia ni nani anayeonyeshwa nyuma yake. Hakukuwa na mtu.

"Kaka, unanitania."

"Mdogo wangu, nina mkono mmoja. Nifanyeje?"

Fundi aliogopa farasi, na wala hakuwahi kuficha. Alipokuwa na miaka saba farasi wa baba yao alimpiga teke la paja, na mpaka leo, mwanamke wa miaka arobaini na tisa, alikuwa na kibonyeo pajani ambamo yai la kuku lingeweza kukaa lisianguke. Miaka yote aliyoishi hapa alipita uani kwa kuambaa na ukuta wa mbali. Jike mzee aliyeitwa Bibi, mama yake Chachu, alimzoea kidogo kwa sababu ya uzee wake. Chachu, Fundi hakuwahi hata kumgusa.

"Sikiliza, dada," daktari akamwambia Fundi. "Leo apumzike humu ndani. Kuanzia kesho mtembeze asubuhi na jioni, nusu saa, na katikati mkimbize kidogo. Vidonda nimeviacha wazi makusudi ili uchafu utoke. Asiposogea, vitaziba na atavimba. Akivimba sana atashindwa kukojoa. Tunaelewana?"

"Nimkimbize mimi?"

"Unakimbia wewe, yeye anafuata."

"Akinipita je?"

"Usikubali akupite. Sasa, damu. Matone ukiweza kuyahesabu moja moja, usinipigie simu. Yakiungana yakawa mstari usiokatika, nipigie saa hiyohiyo. Pepopunda nimemchoma sindano yake, hilo usihangaike nalo." Akausogelea mlango. "Kuna jambo jingine. Ni nadra, miaka yangu yote nimeliona mara mbili tu. Ukiona kitu kinachong'aa kinaning'inia kidondani, usikivute, usikikate, usikisukume ndani. Farasi asitembee hata hatua. Chukua kitambaa safi, kiloweshe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, ukibebe kitu hicho kisikanyagwe wala kisizidi kushuka. Halafu nipigie."

"Ni kitu gani?"

"Kinaweza kuwa utumbo," akasema daktari, akaubeba mkoba wake.

Siku hiyo Fundi hakushona tena. Alivuta kigoda mpaka mlangoni, akakaa akihesabu matone kwa saa ya mkononi. Kumi na tisa kwa dakika. Kumi na saba. Ishirini na mbili, akasimama, moyo ukimdunda masikioni. Kumi na nne. Kila Chachu alipohamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, damu iliongezeka kidogo. Mara mbili aliona mstari. Mara mbili akaitoa simu, na kabla hajabonyeza namba, mstari ukakatika, matone yakarudi. Jioni yalikuwa matano tu kwa dakika, lakini usingizini aliendelea kuyasikia.

Asubuhi ya pili akapiga moyo konde, akaingia bandani. Kaka alisimama nje, akimwelekeza kupitia mlango kama anayemfundisha mtu kuendesha gari akiwa kando ya barabara.

"Shika kamba chini ya kidevu. Simama begani kwake, si mbele. Usimtazame machoni."

"Na yeye anitazame?"

"Yeye ana haki. Kwake ni kwake."

Chachu alitoka akiburuta kwato, mgongo umepinda. Alitembea kama mzee anayeshuka ngazi. Fundi alikuwa ameikamata kamba kwa mikono miwili hata vidole vikafa ganzi, na kijasho chembamba kilimteremka mgongoni ijapokuwa jua lilikuwa bado halijapanda. Uani palikuwa na urefu wa hatua arobaini, kutoka gunia la mchanga hadi bomba la maji. Walikwenda na kurudi. Ulipofika wakati wa kukimbia, Fundi akachapuka hatua, na nyuma yake akasikia kwato zinabadilisha mlio. Nywele zikamsimama. Mnyama wa kilo mia nne alikuwa anakimbia nyuma ya kisogo chake na yeye ndiye aliyemwomba.

"Vizuri!" Kaka akapaza sauti kutoka mlangoni mwa jiko. Mbona alikuwa ameenda mbali kiasi hicho? Fundi hakuwa na nafasi ya kujiuliza.

Siku ya tatu Chachu akavimba. Mfuko mtupu, pale palipokuwa na korodani, ulijaa ukawa kama mkate wa mviringo, na uvimbe ukaenda mbele chini ya tumbo. Fundi akapiga simu.

"Anakojoa?" daktari akauliza.

"Anakojoa."

"Anakula?"

"Kuliko mimi."

"Basi ni uvimbe wa kawaida. Mmwagie maji baridi ya bomba dakika kumi, umkimbize zaidi."

Akaburuta mpira wa maji, akasimama mbali kadiri maji yalivyoweza kuruka, akaelekeza kati ya miguu ya nyuma. Chachu akashtuka. Mguu wake ulirudi nyuma kwa kasi ambayo macho hayakuifuata. Kilichoonekana ni ndoo ya bati ikiruka, ikagonga ukuta, ikaanguka imebonyea upande. Fundi aliuachia mpira ukacheza chini kama nyoka. Paja lake lilikuwa linamuuma pale penye kibonyeo, pahali ambapo hapajamuuma kwa miaka mingi.

"Hakukukusudia wewe," Kaka akasema. Yeye alikuwa nyuma ya mkokoteni.

"Ndoo nayo haikukusudiwa. Itazame!"

Lakini aliuokota mpira, akamaliza dakika zake kumi.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya nne, saa mbili na nusu, walipokuwa wamekwisha kwenda na kurudi mara sita. Chachu alikuwa amechangamka, hatua zimefunguka, na Fundi alianza kufikiri kwamba pengine Mungu amemhurumia. Wakakimbia kidogo. Akamsimamisha karibu na bomba, akainama kwa mbali kukagua damu kama alivyozoea.

Hakuona damu. Kidondani upande wa kushoto kulichomoza kitu cheupe kinachong'aa, urefu wa kiganja, chenye mishipa myembamba myekundu. Kilikuwa laini kama bitana ya hariri iliyochungulia chini ya pindo la koti. Kilitikisika farasi alipopumua.

Aliita kwa sauti asiyoijua. "Kaka! Kimetoka! Kaka, kimetoka!"

Kaka alikuja mbio, bandeji ikimlegea. Akachungulia, rangi ikampotea. Fundi alikwisha bonyeza namba. Simu ililia mara nyingi, na alipopokea daktari, nyuma ya sauti yake ng'ombe alikuwa anaguna.

"Kinaning'inia," Fundi akasema. "Kile ulichosema. Cheupe. Kiganja kimoja."

"Farasi yuko wapi?"

"Hapa uani, nje."

"Amesimama? Basi abaki papo hapo. Usimrudishe ndani. Nisikilize, mimi nina ng'ombe ambaye ndama amekaa upande, mkono wangu uko ndani mpaka bega, simu nimeshikiwa. Siwezi kumwacha. Nikimaliza nakuja moja kwa moja. Kama baada ya saa moja na nusu."

"Saa moja na nusu?"

"Kitambaa, maji ya chumvi, na akili zenu zitulie. Akihangaika akasukuma tumbo, vingine vitafuata. Nakuja."

Simu ikakatika. Fundi alimkabidhi Kaka kamba bila kuuliza, akakimbilia ndani. Aliweka sufuria jikoni, akatupia chumvi. Sandukuni alikuwa na mashuka mawili meupe aliyoyashona kwa ajili ya binamu anayeolewa, yamefuliwa na kupigwa pasi. Akachukua moja. Kwa haraka alimwaga nusu ya maji alipoyachanganya na ya baridi yaliyochemshwa jana.

Aliporudi, Kaka alikuwa amemfungua Bibi aliyefungwa hapo karibu, na jike mzee alisogea mwenyewe, akasimama ubavu kwa ubavu na mwanawe. Chachu akapumua kwa pua, akatulia kidogo.

"Anzia begani," Kaka akasema, sauti ya chini. "Weka mkono, uuteremshe mgongoni hadi kwenye nyonga. Usiuondoe. Ajue uliko. Halafu piga goti pembeni ya mguu, si nyuma yake."

Fundi akaweka mkono. Ngozi ilikuwa na joto kuliko alivyotazamia. Akaupitisha mgongoni, akafika kwenye nyonga, akainama na shuka lililoloa. Masikio ya Chachu yakalala nyuma. Mguu ukainuka.

Fundi alikimbia. Hakuamua kukimbia, alijikuta tu yuko penye ukuta wa mbali, paji la uso limegusa tofali, shuka amelikumbatia, maji yanamchuruzika kifuani. Alijua kwamba amejikojolea kidogo, na hakujali. Akasubiri Kaka amfokee, na Kaka hakufoka.

"Kimeshuka," ndivyo alivyosema tu. "Kimekuwa viganja viwili."

Akarudi. Hakurudi kwa ushujaa. Alirudi kwa sababu kuona kitu kile kikifika chini na kukanyagwa kulimtisha kuliko teke. Bega, mgongo, nyonga. Alianza kuzungumza, na maneno yaliyomjia yalikuwa yaleyale ya chumba cha kushonea, anayowaambia wateja wanaohangaika wakati wa kupimwa. "Simama hivyo hivyo, mpenzi. Usipumue sana. Mikono juu. Namaliza sasa hivi, namaliza, pini hazitakuchoma." Akapiga goti. Ukwato ulikuwa sentimita chache kutoka gotini kwake, mkubwa kama sahani. Akalipitisha shuka kati ya miguu, akalileta chini ya kile kitu, akakipokea. Kilikuwa na uzito mdogo, na uvuguvugu.

Mguu ukainuka tena, ukapiga chini. Upepo wake ulimpita kwenye sketi. Safari hii alibaki.

Macho yake yalipima yenyewe. Alilikunja shuka mara tatu kwa upana, kama nepi ya mtoto. Pembe za mbele alizipandisha ubavuni, na Kaka, kwa vidole vya mkono wake mzima huku kamba ameibana kwapani, akazifunga kwenye mshipi wa mkokoteni waliouzungusha mgongoni mwa farasi. Pembe za nyuma zikapita kila upande wa mkia, zikafungwa hapohapo. Ikawa kama mbeleko. Lakini kila Chachu aliposogeza nyonga kitambaa kililegea, kwa hiyo ilibidi Fundi abaki amechuchumaa, kiganja chini, akiinua kwa upole, na kwa mkono mwingine akimiminia maji ya chumvi kutoka kwenye kikombe.

Dakika kumi. Ishirini. Mapaja yakaanza kuwaka moto. Nzi walikuja, na kwa kila nzi ngozi ya Chachu ilitetemeka, na kwa kila mtetemeko Fundi alifumba macho.

"Kaka, ongea. Ukinyamaza nitakufa."

"Niongee nini?"

"Chochote."

Fundi aliiona miguu ya Kaka tu kutoka pale chini, na akatambua kwamba magoti yake yanagongana.

"Mdogo wangu," Kaka akasema. "Mkono huu mmoja ungetosha kushika kamba. Tangu siku ya kwanza ungetosha. Baba alituongozea farasi wawili kwa mkono mmoja huku anakunywa chai."

Fundi akamiminia kikombe kingine cha maji ya chumvi.

"Siku ile getini, nilisikia mfupa unavunjika. Nikamtazama usoni, huyu niliyemnywesha maziwa kwa chupa, na hakunijua. Tangu hapo nikisikia kwato zake, roho inanitoka. Nimekaa nyuma ya bandeji kama mtoto nyuma ya sketi ya mama. Nikakusukuma wewe."

"Unaniambia sasa?" Fundi akanong'ona kwa hasira, maana kupaza sauti hakukuwezekana. "Sasa hivi, mkono wangu uko chini ya matumbo ya farasi, ndiyo unaniambia?"

"Umesema niongee chochote."

Hasira na kicheko vilimpanda pamoja, akaviuma. Machozi yakamtoka, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. "Na sasa unaogopa?"

"Meno yangu yanagongana. Husikii?"

"Nilidhani ni yangu."

Wakakaa hivyo. Hasira haikumwisha Fundi, lakini ilimpa kitu kingine cha kushikilia. Mara moja Chachu alikaza tumbo, akaguna, na kile kitu kikaongezeka uzito kiganjani mwake. Akahisi wazi kinavyoteleza kushuka. Alilia jina la mama yao. Kaka akaliegemeza paji la uso wake kwenye paji la Chachu, akaanza kumwimbia kitu kisicho na maneno, sauti inatetemeka vibaya, mpaka tumbo likalegea.

Gari la daktari liliingia getini saa nne na dakika ishirini. Alishuka na damu ya ng'ombe mpaka kwapani, akatazama mara moja. Akachoma sindano ya usingizi shingoni. Kichwa cha Chachu kilipoinama, akapiga goti karibu na Fundi, akafungua shuka kwa vidole viwili, akaangalia, akagusa, akaangalia tena. Fundi aliutazama uso wake kama mshtakiwa anavyomtazama hakimu.

"Mafuta," akasema daktari.

"Nini?"

"Ni pazia la mafuta linalofunika utumbo. Si utumbo wenyewe." Akashusha pumzi, na hapo Fundi akajua kwamba na yeye alikuwa na wasiwasi. "Ungekuwa utumbo ningekuwa nakwambia maneno mengine. Na kama angekanyaga haya akayavuta, utumbo ungefuata. Sasa toa mkono, dada. Polepole. Nimeshika mimi."

Mkono ulikataa kufunguka. Daktari aliukunjua kidole kimoja kimoja.

Alifunga uzi juu, akakata kilichoning'inia, akajaza kidonda kwa shashi, akashona ngozi kuizuia. Akachoma dawa nyingine mbili. Halafu akasimama, akajinyoosha kiuno.

"Hatujamaliza. Siku mbili zijazo asitembee. Afungwe asimame, asilale, mtazameni zamu kwa zamu. Kama kuna kitakachotoka, ni ndani ya siku hizo. Nitarudi kutoa shashi." Akalitazama lile shuka lilivyokunjwa na kufungwa. "Nani kafunga hivi?"

"Mimi fundi cherehani," Fundi akasema, kama mtu anayeomba radhi.

Siku mbili hizo zilikuwa mbaya kuliko saa moja na nusu, kwa sababu hapakuwa na la kufanya ila kutazama. Fundi alishindwa kutunga uzi kwenye sindano. Alitazama asubuhi, Kaka akatazama mchana, akiwa ndani ya banda sasa, mgongo kwenye ukuta, si nyuma ya mkokoteni. Hakuna mmoja wao aliyesema hofu imepungua. Kila Chachu alipoguna, waliinama wote wawili kwa pamoja, wakagongana vichwa mara moja.

Hakikutoka kitu. Daktari alivuta shashi siku iliyofuata, ikatoka na usaha kidogo, akasema ni usaha wa kupona. Matembezi yakaanza upya, Kaka ameshika kamba kwa mkono wake mzima, Fundi upande wa pili na kamba ya akiba, wote wawili wamekakamaa kama wanaovuka daraja bovu. Uvimbe ulishuka. Baada ya wiki nyingine daktari alimtazama Chachu akikimbia kutoka gunia la mchanga hadi bomba, akasema huyu amepona, mpeni kazi.

"Kesho utakuja kunisaidia kumvalisha mshipi?" Kaka akauliza, daktari alipokwisha ondoka.

"Kesho sitaki kumwona. Wala wewe. Nipeni wiki nzima, msinisemeshe."

"Ni haki yako," Kaka akasema.

Alimrudisha Chachu bandani, akamwekea majani, akaenda kuoga. Fundi alibaki mlangoni, mahali pake pale pale, nusu ndani nusu nje. Akainama akachungulia kati ya miguu ya nyuma. Hapakuwa na kitu. Akafunga komeo, akapiga hatua tatu kuelekea chumba chake, akasimama. Akarudi, akafungua komeo, akachungulia tena.